Nondo Saba kwenye Shati la Athanas

Sura ya Tisa

Inspekta Twalibu Kondo alivunja lakiri kwa mkono wake mwenyewe, akaandika saa kwenye fomu ya vielelezo, ndipo akamsogezea Bi Margareth ile bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na vichupa saba vya kioo, kila kimoja kidogo kama kidole cha mtoto, na ndani ya kila kichupa nondo mmoja mwenye rangi ya majani makavu. Ungewaona ukutani kwako usingejisumbua hata kuwapunga.

Nondo hao walikutwa wameganda kwenye damu, mgongoni mwa shati la marehemu Athanas. Athanas alikuwa fundi wa kukusanya wadudu, mtu wa Maneromango, na asubuhi moja mwezi uliopita alikutwa kifudifudi kando ya shamba la mihogo kule Kurui, fuvu limebonyea kisogoni. Shuka lake jeupe la kuwavutia nondo lilikuwa limetundikwa kati ya miti miwili, na taa yake ya betri imekwisha chaji. Shamba lilikuwa la Seifu Mwinjuma, mchoma mkaa. Wiki mbili kabla ya hapo Seifu alilichana shuka kama hilo mbele za watu, akaapa kwamba atakayewasha tena taa za kuita viumbe vya usiku karibu na kaburi la mwanawe, naye atalazwa pale pale.

Twalibu alimkamata kabla ya adhuhuri. Siku ya tatu Seifu alikiri. Maelezo yake ya onyo yalikuwa kurasa nne, dole gumba lake chini ya kila ukurasa na sahihi ya Twalibu pembeni.

Kwa hiyo kesi ilikuwa imeiva. Kilichomleta Twalibu Kibaha, nyumbani kwa Bi Margareth, siku ile ya Ijumaa ni swali moja la Wakili wa Serikali, mwanamke mmoja makini aliyeitwa Aneth. Nondo walikuwa wamepimwa na Daktari Calist, mkuu wa mradi wa utafiti wa nondo uliokuwa Misugusugu, naye akaandika kwamba wote saba ni wa mabonde ya Kisarawe, iliko Kurui. Hilo liliithibitisha Kurui kuwa mahali pa kifo. Lakini Daktari Calist ndiye aliyekuwa bosi wa marehemu, na Aneth hakupenda ushahidi wa namna hiyo usimame kwa mguu mmoja. Alimwambia Twalibu atafute mtaalamu wa pili, na jalada liwe mezani kwake Jumatatu. Kosa lenyewe ni mauaji. Adhabu yake ni kamba.

Bi Margareth alikuwa mstaafu wa miaka sitini na saba. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kuwatenganisha wadudu wanaofanana, na Athanas alijifunza kazi mikononi mwake. Sebuleni kwake hadubini ilikaa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, jinsi watu wengine wanavyofunika televisheni. Twalibu alimwamkia shikamoo mama, naye akaitika marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye taarifa ya Daktari Calist. Aliisoma mara mbili. Kisha akakiinua kichupa kimoja kuelekea dirishani, akakirudisha, akachukua cha pili, mpaka akavimaliza vyote.

"Huyu kaandika kwamba aliwapasua," alisema.

"Ndiyo, mama. Kwamba alichunguza viungo vya uzazi vya wote saba kwa hadubini."

"Aliwapasua wapi, na matumbo yao haya hapa?"

Twalibu aliinama kutazama. Aliona nondo, basi.

Bi Margareth alimweleza polepole, kama mtu aliyezoea kufundisha vijana wenye haraka. Yapo makundi mawili ya nondo wadogo yaliyo ndugu wa karibu mno. Rangi moja, ukubwa mmoja, hata vidoa vya bawani ni vilevile. Viwavi wa kundi la kwanza ni bungua wa miwa. Wanatoboa muwa na kuishi ndani yake, na pasipo na miwa hawapo. Kundi la pili hula mabingobingo, yale majani marefu ya porini, na ndilo Calist aliloliandika kuwa la Kisarawe. Macho ya binadamu hayawezi kuwatofautisha, na anayesema anaweza anakisia. Njia ni moja tu. Unalivunja tumbo la nondo, unalichemsha kwenye kostiki soda mpaka nyama iyeyuke, kisha unatazama vile viungo vigumu ambavyo dume humshikia jike. Wa miwa ana kulabu mbili. Wa mabingobingo ana moja, tena butu.

"Na ukishamaliza, lile tumbo halirudi mahali pake," aliendelea. "Unalitia kwenye kichupa chake, unaliandikia. Nondo aliyepimwa ni nondo asiye na tumbo. Hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua."

Twalibu aliuliza kama inawezekana daktari alifanya uvivu tu. Watu wakubwa huandika wamefanya, kumbe wametazama juu juu. Bi Margareth alikubali kwamba wapo wa namna hiyo. Lakini alisema Calist hakuwa mvivu. Nondo walikuwa wamebandukwa kwenye kitambaa kwa maji ya vuguvugu, mmoja mmoja, bila kuvunjika hata papasio la kichwani. Mtu aliyevumilia kazi hiyo asingeshindwa na ile iliyobaki, iliyo nyepesi zaidi.

"Basi tupime sasa hivi," Twalibu alisema.

Alivipiga picha vichupa vyote kwa simu, matumbo yakiwa mahali pake, na fomu ikiwa pembeni. Bi Margareth akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Alivunja matumbo kwa kibano, akayatia kwenye kijiko cha bati chenye kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni, akawasha jiko la mafuta ya taa. Harufu ilikuwa kali. Twalibu alisimama mlangoni akitazama kuku wa jirani, na alipoitwa kutazama kwenye hadubini alisitasita.

"Njoo tu, mwanangu. Ni nondo hawa, hutafungishwa ndoa na mtu."

Aliweka jicho. Mwanzoni aliona ukungu. Halafu, katikati ya duara la mwanga, akaona kitu cha rangi ya chai kilichofunguka kama viganja viwili, na juu yake kulabu. Alihesabu. Akainua kichwa, akapangusa jicho, akahesabu tena.

"Mbili," alisema.

Watano walikuwa na kulabu mbili mbili. Wawili waliobaki walikuwa majike, na matumbo yao yaliharibiwa na damu; kwa hao Bi Margareth alikataa kusema lolote. Twalibu alimsihi aseme hata makisio. Alikataa. Alisema akikisia wawili, watano waliobaki nao hawatakuwa na maana mahakamani.

Twalibu aliketi. Alikuwa polisi kwa miaka ishirini na nne, na alijua jinsi ya kuitetea kesi yake. Athanas alifanya kazi Misugusugu, na nyuma ya maabara ya Daktari Calist kulikuwa na shamba la miwa la majaribio. Kwa nini nondo hao wasiwe wamekufa kwenye nguo zake siku mbili kabla, akatembea nao mpaka Kurui?

Bi Margareth aliomba shati. Lilikuwa kwenye mfuko wake mwingine wenye lakiri, nao ukafunguliwa na kuandikwa. Alilitandaza mgongo ukiwa juu, akamwonyesha kwa ncha ya pini. Kila mahali nondo alipobandukwa, kwenye ile damu nyeusi iliyokauka, palikuwa na alama mbili kama mapanga madogo ya feni, vumbi la rangi ya fedha lililomwagika kulia na kushoto.

"Hili si vumbi la shamba," alisema. "Ni unga wa mabawa. Aliyekwisha kufa hapigi mabawa. Hawa waliifuata taa wakiwa hai, wakatua kwenye damu mbichi, wakajaribu kutoka."

Twalibu aliitambua ile rangi ya fedha. Aliiona siku ya kwanza, kule Kurui, na katika ripoti yake aliandika neno moja: vumbi.

Alitoka barazani akampigia Sajenti Zaidi, aliyekuwa bado upande wa Kurui akikusanya sahihi za mashahidi. Alimwagiza atafute miwa, shina lolote la muwa, kilomita tano kuzunguka shamba la Seifu. Zaidi alicheka, akauliza kama afande ana hamu ya kutafuna. Baada ya saa mbili alipiga simu na hakucheka. Mtendaji wa kijiji alimwambia hakuna anayelima miwa. Inayouzwa barabarani inatoka mbali kwa gari. Hata hivyo alizunguka mwenyewe na kukuta mashina kumi na moja nyuma ya choo cha mzee mmoja, karibu na kisima, kilomita nne kutoka pale ulipokutwa mwili.

Kwa muda mfupi Twalibu alijikuta akiyapenda yale mashina kumi na moja. Aliona aibu kwa jambo hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alimwambia Zaidi ayapasue yote na kutuma picha. Zilipokuja, Bi Margareth alizikuza kwa vidole viwili, moja baada ya nyingine. Miwa ilikuwa myeupe kutoka chini hadi juu. Hapakuwa na tundu hata moja la bungua.

"Basi Athanas hakufia Kurui," alisema Bi Margareth, akairudisha simu.

Hakulia. Alichukua kitambaa chake cha kufuma, akakikunja mara nne, akakikunjua. Ndipo akasema jambo ambalo hakuna polisi aliyewahi kumwuliza. Wiki tatu kabla ya kufa, Athanas alikuja kwake na sanduku la nondo. Daktari Calist alikuwa ametangaza aina mpya kabisa, aina ya tatu, kati ya yale makundi mawili, na kwa ajili ya aina hiyo alikuwa anaitwa kwenye mikutano ya nje. Athanas ndiye aliyewatega nondo hao. Alikumbuka kila usiku na kila mahali, na alipoisoma makala aliona mahali pamebadilishwa. Walipasua pamoja nondo kumi na wawili, yeye na Bi Margareth, kwenye meza hiyo hiyo. Wote walikuwa bungua wa miwa wa kawaida, waliosuguliwa vidoa vya mabawa kwa brashi.

"Nikamwambia aandike kwa wakubwa," alisema. "Akaniambia hapana, mama, nitamwambia kwanza mwenyewe, ni mtu aliyenipa kazi. Ajisahihishe kwa heshima yake."

Twalibu aliandika maneno hayo, akamsomea, naye akatia sahihi.

Misugusugu alifika saa kumi jioni, Zaidi akiwa amemkuta njiani na askari wawili. Maabara ilikuwa nyumba ya kawaida ya kupanga, yenye geti la bluu, jirani na fundi wa kuchomelea vyuma. Nyuma yake miwa ilisimama kwa mistari, na katikati ya mistari palikuwa na sehemu tupu iliyowekewa nguzo mbili za chuma za kutundikia shuka. Udongo wa pale ulikuwa mwekundu, umechimbuliwa na kusawazishwa upya, na juu yake hayajaota hata majani. Twalibu alimwacha askari mmoja asimame hapo na asimruhusu mtu kukanyaga. Pembeni ilikuwapo pikapu ya mradi. Zaidi alichungulia nyuma na kusema turubai ni jipya.

Daktari Calist aliwapokea vizuri. Alikuwa na miaka kama arobaini, mwembamba, mikono misafi mno. Aliuliza habari za kesi, akasema familia ya marehemu inastahili kupumzika, na akamwagiza msichana wa ofisini alete soda. Twalibu alikataa soda. Alisema amekuja kwa jambo dogo la utaratibu, maana wakili wa utetezi ni msumbufu.

"Ulipima wote saba, daktari?"

"Wote saba."

"Kwa viungo vya uzazi."

"Ndiyo njia pekee, Inspekta. Kwa macho huwezi. Nilieleza kwenye taarifa."

"Matumbo uliyaweka wapi?"

Calist alimtazama. Halikuwa swali la polisi, na alilijua. Alisema yapo kwenye kabati, kwenye vichupa. Twalibu aliomba kuyaona. Calist aliinuka, akafungua kabati, akasimama mbele ya mamia ya vichupa vilivyopangwa kwa tarehe, mgongo wake ukiwa kwao. Zaidi alisogea mlangoni bila kuambiwa.

"Usihangaike," Twalibu alisema. Aliiweka simu mezani, picha ikiwa wazi. "Ulinirudishia wakiwa nayo."

Kelele za fundi wa jirani zilikatika, zikaanza tena. Calist alirudi kitini. Alisema basi atakuwa amechanganya, atakuwa ametazama kwa macho, alikuwa na msiba wa mfanyakazi wake, mtu anaweza kukosea. Twalibu alikubali kwamba mtu anaweza kukosea. Akamwambia kuwa Bi Margareth amewapima leo mchana, na watano wana kulabu mbili. Akamwambia kuhusu unga wa mabawa kwenye damu, na miwa ya Kurui isiyo na tundu. Hakupandisha sauti. Mwisho alimwambia kuhusu nondo kumi na wawili waliosuguliwa kwa brashi.

"Margareth," alisema Calist, kana kwamba jina hilo lilikuwa limemtoka kichwani siku nyingi.

"Kitu kimoja kinanisumbua," Twalibu alisema. "Kazi ya kuwapasua ni ya saa moja. Ungewapasua, ungetupa matumbo, ukasema yameharibika, na mimi nisingejua lolote. Kwa nini hukuwapasua?"

Daktari Calist aliitazama ile picha. Alipojibu, alijibu kama mtaalamu anayejibu swali la kitaalamu, na Zaidi alisema baadaye kwamba jambo hilo ndilo lililomnyima usingizi.

"Ya nini? Nilijua walikotoka."

Hapo akatazama mikono yake. Twalibu alimpa onyo la kisheria, neno kwa neno, na kumwambia kwamba anayo haki ya wakili na ya ndugu kuwapo. Mengine aliyasema jioni hiyo wakili wake akiwa amekaa pembeni: kwamba Athanas alikuja na lile sanduku wakiwa kwenye shuka kati ya miwa, kwamba alisema taratibu, bila matusi, na kwamba alipoinama kuchukua nondo kwenye shuka, nondo ya chuma ya kushikilia nguzo ilikuwa karibu na mkono wake yeye Calist. Habari za Seifu na ugomvi wa Kurui alizijua kutoka kwa Athanas mwenyewe, aliyemsimulia kama kichekesho; ndiyo maana aliupeleka mwili huko kwa pikapu.

Usiku Twalibu hakwenda nyumbani. Asubuhi ya Jumamosi Zaidi alimkuta mezani, akiandika kwa mkono. Ilikuwa barua kwa Wakili wa Serikali ya kuomba Seifu Mwinjuma aachiwe. Zaidi aliisoma akiwa amesimama. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa nondo. Ukurasa wa pili ulieleza kwamba maelezo ya onyo ya mtuhumiwa yalichukuliwa baada ya siku mbili na usiku wake bila kuruhusiwa kulala wala kukaa, na kwamba maneno "nilimpiga kwa mpini wa shoka" yalitamkwa kwanza na Inspekta Twalibu Kondo, si na mtuhumiwa.

"Afande, huu wa pili hauhitajiki," Zaidi alisema kwa sauti ya chini. "Muuaji tumempata. Hakuna atakayeuliza."

Twalibu alimjibu kwamba anajua hakuna atakayeuliza. Akatia sahihi kurasa zote mbili.

Jumatatu alasiri, amri ilipotoka, alikwenda gerezani yeye mwenyewe. Seifu aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa amepungua, nywele zimekatwa vibaya, na alipomwona Twalibu alisimama ukutani wima, mikono ubavuni, kabla hajaambiwa. Twalibu alimwambia aketi. Hakuketi. Basi Twalibu naye akabaki amesimama, akamweleza yote, tangu nondo mpaka Misugusugu, kwa maneno ya kawaida, na kwamba mama yake Bi Mwanahalima yupo nje getini na kaka zake. Alimwambia kwamba alimkosea, na kwamba ameliandika kosa hilo mahali panapostahili.

Seifu alisikiliza bila kupepesa macho. Ilikuwa kama mtu anayesomewa habari za mwingine. Alirudia jina la Calist mara moja, akijaribu kulikumbuka, asilikumbuke. Aliuliza kama taa ile ilikuwa inawaka, na Twalibu akasema ndiyo, lakini si Kurui, taa na shuka vililetwa baadaye. Alifikiri sana juu ya hilo. Askari magereza alikohoa mlangoni, akachezea funguo zake.

"Ule mpini wa shoka," Seifu alisema mwishowe, "mimi naukumbuka, afande. Naukumbuka ulivyokuwa mzito."

Twalibu alimsogezea kiti. Seifu alibaki wima.

"Kwa hiyo sikumuua?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na macho yake yalikuwa kwa Twalibu, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza.